Mtoto achanjwe wapi: zahanati ya serikali, hospitali ya kulipia au mkoba wa kijijini?

Mdogo wangu amejifungua majuzi, mtoto wa kiume wa kilo tatu na ushee. Siku ya tatu akanipigia simu. "Dada, huyu nampeleka kliniki wapi? Foleni ya zahanati ya hapa Chamazi unaijua. Wifi yangu ananisukuma niende hospitali ya kulipia, anasema kule wana sindano za kisasa, mtoto hapati homa."

Nilimwambia nitamwandikia, kwa sababu dakika zangu zilikuwa zinaisha na maneno yalikuwa mengi. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyapanua kidogo. Mimi si daktari. Nina watoto watatu: wa kwanza alichanjwa zahanati ya serikali mwanzo mwisho, wa pili tulimpeleka hospitali binafsi enzi ambazo baba yao alikuwa na kazi nzuri, na wa tatu nilimzalia kwa mama Handeni, chanjo zake za mwanzo akazipata chini ya mwembe, kwa mkoba, yaani nesi anayewafuata watoto kijijini. Kwa hiyo njia zote tatu nimezipita.

Hesabu safari kwanza

Watu wengi wanalinganisha vituo kwa siku moja: viti, feni, lugha ya nesi. Chukua kadi ya kliniki ya hapa Tanzania uhesabu. Siku ya kuzaliwa mtoto anapata BCG ya kukinga kifua kikuu, sindano ya begani, na matone ya polio mdomoni. Akifika wiki 6 anapata matone ya polio, matone ya kuhara yanayoitwa Rota, sindano ya nimonia, na ile ya penta inayobeba kinga tano kwa mpigo: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B, na Hib ambayo ni bakteria wa homa ya uti wa mgongo na nimonia. Wiki 10 anarudia hayohayo. Wiki 14 anarudia bila Rota, na inaongezeka sindano ya polio. Miezi 9 ni surua na rubela. Miezi 18 surua na rubela tena.

Hizo ni safari sita. Ya kwanza mara nyingi inamalizikia wodini, lakini tano zilizobaki ni miguu yako, nauli yako na ruhusa ya bosi wako. Kituo kizuri ambacho utakifika mara tatu kisha uchoke kitamwacha mtoto nusu njia, na safari inayosahaulika zaidi ni hiyo ya miezi 18, mtoto anakimbia, ana afya, mama amesharudi kazini. Wakati kinga ya surua inayotolewa miezi 9 inashika kwa watoto kama 85 katika 100. Wale wengine wanaitegemea hiyo ya pili.

Kwa hiyo nilipomuuliza mdogo wangu swali la kwanza, nilimuuliza daladala. Hospitali anayoambiwa na wifi yake ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Zahanati ni dakika kumi kwa mguu, mtoto mgongoni.

"Rudi Jumatano"

Hapa ndipo zahanati za serikali zinapopata lawama nyingi, na mimi mwenyewe nililalamika sana kabla sijaelewa. Nilikwenda na mtoto wa kwanza Jumatatu kwa ajili ya BCG, nikaambiwa siku yake Jumatano. Nilirudi nyumbani nikiwa nafoka.

Kichupa cha BCG huja kama unga mkavu. Nesi anauchanganya na maji yake maalumu, na kikishachanganywa kinatosha watoto 20. Zikipita saa 6 tangu kuchanganywa, kilichobaki kinamwagwa, hata kama amechanjwa mtoto mmoja tu. Surua na rubela ni vilevile, kichupa cha watoto kumi, saa 6, mwisho. Zahanati inayopata watoto wachanga wawili kwa siku ikifungua kichupa kila asubuhi itamwaga chanjo nyingi kuliko inazotoa. Ndiyo maana wanawakusanya siku moja. Penta ni ya maji tayari, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kuendelea kutumika hadi siku 28 kikitunzwa vizuri, hivyo kwa penta hupaswi kusikia hadithi ya Jumatano.

Na hizo saa 6 si ukali wa bure. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua ambapo bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumika kwa siku nne na chanjo hazikuwekwa kwenye ubaridi. Nesi anayekataa kukupa kilichobaki tangu asubuhi anakufanyia wema.

Hospitali ya kulipia inayonunua chanjo zake mara nyingi ina vichupa vya dozi moja moja. Ukifika Alhamisi saa kumi jioni unachanjiwa. Kwa mama aliyeajiriwa, huo ni ubora wa kweli, siupuuzi. Mtoto wa pili hatukupoteza hata siku moja ya kazi.

Lakini "chanjo zimeisha" nimelisikia pande zote mbili. Serikalini zinapungua nchi nzima au wilaya nzima, halafu zinakuja. Kwa binafsi inategemea muagizaji. Usisubiri kimya: uliza zahanati ya jirani ina nini. Kadi moja inakubalika kituo chochote.

Homa, na hizo sindano za kisasa

Wifi ya mdogo wangu hakosei kabisa. Penta ya serikali ina bakteria mzima wa kifaduro, aliyeuawa. Mwili wa mtoto unamwona wote, unapambana, na usiku huo unaweza kushika joto, paja likavimba, mtoto akalia kwa hasira. Zile za sita kwa moja zinazouzwa hospitali nyingi za kulipia zina vipande tu vya bakteria huyo vilivyosafishwa. Homa inapungua kweli. Mtoto wa pili alilala kama hajachomwa.

Jambo ambalo hukuti kwenye bango la hospitali ni kwamba kinga ya vile vipande inachuja haraka zaidi. Marekani walihamia huko miaka ya 1990. Mwaka 2010 California peke yake ilipata wagonjwa wa kifaduro zaidi ya 9,000, na watoto wachanga kumi wakafa. Kuchuja kwa kinga ni mojawapo ya sababu zilizotajwa. Shirika la Afya Duniani limeshauri nchi zinazotumia bakteria mzima ziendelee naye. Kwa hiyo unalipia usiku mmoja wa utulivu. Sikatai, kuna wazazi wenye sababu zao, lakini usilipe ukidhani unanunua kinga kubwa zaidi.

Kwa homa yenyewe: paracetamol ya mtoto kwa dozi aliyokuandikia mhudumu, nguo nyepesi, nyonyesha. Ikizidi siku mbili, au mtoto akalegea, akadegedege, akakataa ziwa, mrudishe kituoni usiku huohuo. Na kile kipele cha BCG begani kitakachotoa usaha baada ya wiki chache, kiache. Kinakauka chenyewe kinabakiza kovu. Mama mkwe wangu alitaka kukipaka majivu. Tulijadiliana kwa heshima, kipele kikabaki bila majivu.

Kuna vitu ambavyo kliniki ya kawaida ya serikali haina kabisa. Matumbwitumbwi, tetekuwanga, homa ya ini A, homa ya matumbo. Hapo hakuna cha kulinganisha, ukizitaka unalipia. Kwa mtoto wa pili bei ya tetekuwanga ilinifanya niombe kukaa chini. Ushauri wangu kwa mwenye pesa ya ziada: hizo ziwe nyongeza baada ya kadi ya serikali kujaa, kamwe zisiwe badala yake. Mtoto aliyechanjwa tetekuwanga na hana surua ya pili amevaa kofia bila suruali.

Pesa

Serikalini chanjo za mtoto ni bure, na kadi ya kliniki ni bure. Ukidaiwa "ya daftari" au "ya sindano", uliza kwa upole ni ya nini na utapewa risiti gani. Mara nyingi swali hilo linatosha.

Hospitali zisizo za serikali ziko za aina mbili, na wengi hawalijui hili. Nyingi, hasa za mashirika ya dini, zinapokea chanjo zilezile za serikali kutoka wilayani. Chanjo yenyewe hailipiwi, ila wanaweza kukutoza kumwona mhudumu au kufungua faili. Nyingine zinanunua za kwao na kila kichupa kina bei. Swali la kuuliza dirishani ni moja: "Chanjo hizi ni za serikali au mmenunua?" Tuliwahi kulipa miezi miwili kwa kitu ambacho jirani yangu alikipata bure jengo hilohilo mlango wa pili, upande wa kliniki ya mama na mtoto. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza.

Friji

Chanjo zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto tu, lakini penta, nimonia na polio ya sindano zinaharibika pia zikiganda. Friji ya chanjo ya zahanati, iwe ya umeme, sola au mtungi wa gesi, inapimwa joto asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Unaweza kuiona ukiwa umekaa. Kwenye zahanati ya mtoto wangu wa kwanza, jengo limepasuka, choo usikiulize, lakini chati ile ilikuwa imejazwa mpaka siku hiyo.

Kwenye kliniki moja ndogo ya kulipia niliyowahi kuingia, chanjo zilikuwa friji ya kawaida ya nyumbani pamoja na maji ya kunywa ya wafanyakazi, na juu kabisa karibu na barafu. Vigae viling'aa mno. Sikukaa.

Kuna alama moja ambayo hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuikagua. Kwenye vichupa vya serikali kuna duara la zambarau lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana rangi na duara au ukawa mweusi zaidi, joto limeshaipita, haitumiki. Mwambie nesi, "Samahani dada, naomba kukiona kichupa." Wa kwangu alifurahi, akaniitia na wanafunzi wawili wa uuguzi waje wasikie. Chanjo nyingi za kununua hazina alama hiyo, kwa hiyo kule unabaki na chati ya friji na uaminifu.

Faida nyingine ya zahanati yenye foleni ni kwamba foleni yenyewe inamaliza chanjo haraka. Haikai.

Mkoba

Handeni, zahanati ilikuwa mbali na kwa mama. Mara moja kwa mwezi nesi alikuja na pikipiki, kisanduku cha barafu begani, mzani wa kuning'iniza ukafungwa tawini, watoto wakapimwa mmoja mmoja kwenye kaptula ya turubai. Wanaita huduma ya mkoba. Chanjo ni zilezile za zahanati, kutoka friji ileile, na sindano ni zile zinazojifunga zikitumika mara moja. Hakuna sababu ya kuidharau.

Udhaifu wake ni kalenda. Mvua ikikata barabara, mkoba hauji, na wiki 10 inakuwa wiki 15. Rota haipendi kucheleweshwa, ni ya kumwahi mtoto akiwa mdogo. Kama uko kijijini, uliza tarehe ya mwezi ujao kabla nesi hajafunga kisanduku, na ikipita siku tatu bila kuonekana, funga safari.

Mkoba usichanganywe na kampeni. Kampeni ni ile ya spika mtaani na watu wa mlango kwa mlango, kama matone ya polio ya 2022 baada ya kirusi kuonekana Malawi, au ile ya surua na rubela ya Februari 2024 kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka mitano. Dozi ya kampeni ni ya ziada. Jirani yangu alipitisha miezi 18 kwa sababu "walishamchoma kwenye kampeni". Kadi yake bado ina kisanduku kitupu.

Nani atakukumbuka

Serikalini mtoto hachomwi tu. Anapimwa uzito, nukta inawekwa kwenye mchoro, mstari ukishuka unaulizwa anakula nini. Kuanzia miezi 6 anapewa matone ya vitamini A kila nusu mwaka, na akifika mwaka mmoja dawa ya minyoo. Juni na Desemba kuna mwezi maalumu wa hayo. Hospitali tuliyomlipia wa pili walimpima uzito kila mara, wakaandika kwenye kompyuta yao. Vitamini A hakuna aliyeitaja. Nilishtuka mwenyewe akiwa na mwaka na miezi.

Uandishi wao ulituletea tabu nyingine. Walikuwa na kijitabu chao kizuri chenye picha, wakaandika majina ya kibiashara ya chanjo. Kazi ya baba yao ilipokwisha tukarudi zahanati, na nesi akakaa na kile kijitabu nusu saa akitafuta ipi ni penta na ipi ni nimonia. Rota ndiyo iliyotushinda. Iko ya dozi mbili na iko ya dozi tatu, na hawakuandika wametoa ipi. Ukienda hospitali ya kulipia, beba kadi ya serikali na usisitize waandike humo: jina la chanjo, tarehe, muhuri.

Upande wa pili wa shilingi ni mdomo. Ukichelewa wiki tatu, kuna manesi wa serikali watakaokusema mbele ya wanawake arobaini, na nawajua akina mama walioacha kabisa kurudi kwa kuogopa hilo. Hospitali ya kulipia hawakusemi. Pia hawakutafuti. Mtoto wa kwanza alipokosa wiki 14 kwa sababu ya msiba, mhudumu wa afya wa mtaa alikuja mpaka mlangoni, viatu vimejaa tope, akauliza kadi. Wa pili angeweza kukosa zote, simu isingelia.

Ukishachelewa, nenda hivyohivyo. Hakuna kuanza upya. Wanaendelea pale ulipoishia, wakiacha wiki 4 au zaidi kati ya dozi na dozi. Vaa ngozi ngumu siku hiyo moja.

Kwa wenye mabinti wakubwa

Hili nalitaja tu kwa sababu naulizwa. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja badala ya mbili. Inatolewa shuleni na vituoni. Akivuka umri huo unainunua, na bei ni ya kukuumiza. Usiache barua ya shule ikae kwenye begi.

Nilichomwambia mdogo wangu

Aangalie kadi leo. Kama BCG na matone ya kwanza ya polio hayajaandikwa, hospitali aliyojifungulia haikumchanja, na hayo matone ya mwanzo yana mwisho, siku 14. Jumatano aende zahanati ya Chamazi, afike saa moja na nusu, abebe maji na kanga ya ziada. Wiki 6, 10 na 14 palepale. Kama ruhusa kazini itakuwa ngumu akirudi, basi miezi 9 na 18 atafute hospitali ya dini inayopokea chanjo za serikali na inayofungua Jumamosi, iko moja njiani kwake. Ile ya wifi aiweke kwa ajili ya tetekuwanga, shemeji akipenda kulipa.

Alisoma, akanijibu usiku: "Sawa dada. BCG ipo, matone yapo. Kadi nimeipeleka stesheneri waipige laminesheni isichakae."

Nikampigia hapohapo aikimbilie kabla haijaingia kwenye mashine. Nesi ataandika wapi?